Boti ya faibaglasi iliyooza ndani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Toboa tundu dogo la milimita 4 kwa upande wa ndani, chini kabisa ya ukuta wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, pale injini inapofungwa. Boti ikiwa nzima, drili itatoa unga mkavu wenye rangi ya mbao, na mkono utahisi ncha inavyosaga. Ikiwa imeoza, ncha itazama ghafla kama iliyochoma mkate uliolowa, kisha yatachuruzika maji ya kahawia yenye harufu ya majani yaliyovunda. Nimeyaona maji hayo yakitoka kwenye boti ya uvuvi iliyong'aa nje kama mpya. Mwenyewe alikuwa ameipaka rangi mara mbili.

Boti kuukuu ya namna hii inaweza kufufuliwa, na ikifanyiwa kazi vizuri itavua miaka mingi tena. Inasikitisha kuona nyingi zinatupwa, au zinatengenezwa mara tatu kwa kosa lile lile, kwa sababu ya maneno ambayo watu hupokezana bila kuyapima.

Dhana: Faibaglasi haiozi, kwa hiyo boti ya faibaglasi haiozi.

Nusu ya kwanza ni kweli. Nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, si chakula cha kuvu. Mwaka 1942 Ray Greene wa Marekani aliunda boti ndogo kwa nyuzi hizo na rezini ya poliesta, na tangu hapo ufundi huo umeenea kila palipo na maji. Lakini boti nyingi za zamani zina mbao tumboni. Ukuta wa tezi ni plaiwudi iliyobanwa kati ya ngozi mbili za faibaglasi. Mihimili inayopita chini kwa urefu ni mbao zilizofunikwa. Sitaha ni plaiwudi yenye ngozi nyembamba juu yake.

Mbao hizo hazikuwekwa kujaza nafasi. Ngozi moja ya faibaglasi hupinda kirahisi; ngozi mbili zikitenganishwa na kiini kigumu kilichoshikana nazo, ugumu huongezeka maradufu na zaidi. Kiini kikioza, kila ngozi inabaki peke yake, hata kama haina ufa wowote. Ndiyo maana ukuta wa tezi unaweza kuonekana mzima na bado ukayumba ukiinyanyua injini na kuikandamiza kwa mkono.

Dhana: Maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha boti.

Ni kinyume chake. Chumvi huwapa kuvu shida. Maji ya mvua ndiyo wanayoyapenda. Kuvu wanahitaji unyevu, hewa, joto la kiasi na mbao. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi; ikifika karibu na asilimia 30, kuta za seli zake zikiwa zimeshiba maji, kuvu wanastawi. Boti iliyoachwa uwanjani chini ya turubai lililochanika, tundu la kutolea maji likiwa limezibwa na majani, huoza upesi kuliko ile inayoingia baharini kila siku.

Na maji huingia kupitia skrubu. Kila kishikio cha fimbo ya kuvulia, kila ngazi, kila kifaa cha kupimia kina kilichofungwa nyuma ya boti kimeacha matundu. Fundi alipaka silikoni kidogo, ikashika kwa muda, ikaachia. Tone moja kwa siku linatosha kabisa.

Dhana: Palipooza ni pale panapobonyea tu.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linamfanya mtu mwenye bidii afanye kazi nzuri mahali pasipo na maana. Anakata kipande cha sitaha kinachobonyea, anaweka kipya, anapaka rangi, na mwaka unaofuata panabonyea nusu mita kando yake.

Sitaha kubonyea mara nyingi ni dalili ya mwisho. Maji hushuka, kwa hiyo uozo huanzia chini: mguuni mwa ukuta wa tezi, kwenye kingo za chini za mihimili, penye makutano. Chukua nyundo yenye kichwa cha plastiki ugonge kila sentimita chache, ukisikiliza. Penye afya pana mlio mkavu, mkali. Palipooza au palipoachana na ngozi pana sauti nzito, butu, kama kugonga gunia. Weka alama kwa penseli ya nta. Kisha toboa matundu machache kwa ndani uangalie unga unaotoka. Sikio hukisia, unga hauna ubishi. Ukishakuta mpaka wa mbao iliyo hai, songa mbele kidogo. Mimi huongeza sentimita 15 ndani ya mbao nzima, kwa kuwa nyuzi za kuvu hutangulia uozo unaoonekana.

Usisahau povu gumu lililojazwa chini ya sitaha ili boti isizame. Watu huamini halinywi maji. Jipya halinywi kwa urahisi, lakini likikaa ndani ya maji yaliyotuama miaka mingi, hunywa. Povu la kawaida la kazi hii lina uzito wa takriban kilo 32 kwa mita moja ya ujazo, hivyo nusu ya mita ya ujazo ni kilo 16 tu. Nusu ya nafasi yake ikijaa maji, umebeba kilo 250 zaidi, na maji hayo yameegemea mihimili usiku na mchana. Boti inayokaa chini kwa nyuma kuliko zamani, huku injini ikiwa ile ile, ipimwe uzito kabla ya jambo lolote lingine.

Dhana: Mimina epoksi (aina nyingine ya rezini) nyepesi kwenye matundu, mbao iliyooza itainywa na kuwa ngumu.

Mbao iliyolowa haina nafasi ya kunywa chochote. Hata ikikauka, kuvu wameshakula kile kilichoipa nguvu, na epoksi iliyozimuliwa kwa kiyeyushi ni dhaifu kuliko epoksi kamili. Unachopata ni bonge la makombo magumu lililozungukwa na mbao zinazoendelea kuoza, na sasa nyundo haikwambii kitu tena. Kwa fremu ya dirisha, sawa. Ukuta unaobeba injini ya kilo zaidi ya 100 na kusukumwa nayo kwa saa nzima hautengenezwi hivyo: ngozi moja ikatwe, kiini kitolewe chote, kingine kiingie.

Dhana: Ng'oa sitaha na mihimili yote kwanza, upate nafasi ya kufanya kazi.

Usione vyaelea, vimeundwa, na umbo la chini la boti linashikiliwa na hivyo hivyo unavyotaka kuving'oa. Ukivitoa vyote kwa pamoja, mbavu hufunguka kwa nje na tumbo hulalia vigurudumu vya trela. Ukijenga mihimili mipya katika hali hiyo, umeugandisha upotovu huo daima. Tumbo likiwa limebonyea kuelekea ndani karibu na tezi, boti ikishika kasi itainamisha omo, yaani sehemu yake ya mbele, na hakuna namna ya kuipanga injini itakayoliponya.

Kwa hiyo boti ikae sawa kwa pima maji, itegemezwe kwa magogo na mito mahali pengi, upana wa juu ufungwe kwa mbao za kukingama. Pima urefu, kimo na nafasi ya kila mhimili, andika, piga picha. Kisha toa mmoja, weka mmoja.

Vaa nguo za mikono mirefu, miwani na barakoa ya kweli ya kuchuja vumbi unaposaga kwa grainda. Vumbi la kioo huwasha ngozi kwa siku kadhaa, na mapafu hayaoshwi.

Dhana: Epoksi tu, poliesta ni ya kubabaisha.

Boti yenyewe iliundwa kwa poliesta. Epoksi hushika vizuri zaidi kwenye mbao na kwenye faibaglasi iliyokauka zamani, na haisinyai sana ikikauka. Ndiyo ningeichagua kwa ukuta wa tezi. Poliesta ni rahisi kwa bei, hukauka haraka, na jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa, hushika juu yake bila tabu. Zote mbili hushindwa mahali pale pale: kwenye rangi, grisi na nta ambazo hazikuondolewa. Futa grisi kabla ya kupiga msasa, la sivyo msasa unaizamisha zaidi.

Kuna tofauti mbili za kuheshimu. Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa kwa kawaida hushikwa na gundi inayoyeyuka katika stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye poliesta. Epoksi haina stairini, kwa hiyo mkeka unabaki mkakamavu na haulali kwenye kona. Kwa epoksi tumia kitambaa cha nyuzi zilizoshonwa. Ya pili ni kigumishi. Cha poliesta ni kichocheo tu, na huwekwa asilimia 1 hadi 2 kutegemea joto. Cha epoksi ni sehemu ya kitu chenyewe. Kipimo chake hakipunguzwi wala kuongezwa. Anayeongeza ili ikauke upesi anabaki na utando laini usiokauka kamwe, na kazi ya kuukwangua wote. Kichocheo cha poliesta kikiruka machoni kinaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ivaliwe kabla ya kufungua chupa.

Dhana: Plaiwudi ya baharini haiozi.

Huoza. Ubora wake uko kwenye gundi inayostahimili maji yanayochemka na tabaka zisizo na mapengo, kama kiwango cha Uingereza cha BS 1088 kinavyotaka. Kinachoilinda ni kufungwa pande zote kwa rezini, hasa kingo zake zinazonywa maji kama mrija. Mbao iliyotiwa dawa nayo mara nyingi huuzwa ikiwa bado mbichi, na rezini haishiki kwenye unyevu.

Dhana: Ukiongeza tabaka, kiungo kitashika.

Unene hausaidii kama nguvu haina njia ya kupita. Pale ngozi ya zamani inapokutana na mpya, ile ya zamani isagwe iwe mteremko wa 12 kwa 1: ngozi ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60. Penye kona kati ya mhimili na tumbo, nyuzi zikikunjwa kwa pembe kali hunyanyuka na kuacha hewa chini yake. Jaza kona hiyo kwa rojo zito la epoksi, lilainishe kwa mgongo wa kijiko mpaka liwe na mviringo, na kitambaa kitalala kimya.

Dhana: Ukishamaliza, funga vitu vyako kwa skrubu na silikoni kama zamani.

Hapa ndipo boti ilipoanza kuoza mara ya kwanza. Tundu la bolti ya milimita 12 litobolewe kwa milimita 20, lizibwe upande mmoja kwa utepe, lijazwe rojo la epoksi, kisha kesho yake litobolewe tena katikati kwa milimita 12. Bolti ikipita, epoksi imeizunguka pande zote, na hata maji yakiifuata hayatakutana na mbao.