Je wajua kwa nini vumbi la majani yenye ukungu unalivuta asubuhi halafu homa inakuja mchana?

Chukua mfugaji wa ng'ombe, saa mbili asubuhi anafungua marobota ya majani makavu, yale ya chini yaliyopigwa na mvua, vumbi jeupe linafuka kama unga, anakohoa kidogo anaendelea na kazi. Ikifika saa nane mchana anatetemeka, homa, kifua kinabana, mwili wote unauma. Kila mtu atasema malaria. Baada ya siku moja au mbili kashapona, anarudi kwenye marobota, na homa nayo inarudi.

Hayo ni mapafu yamevimba kwa aleji. Mwaka 1932 daktari J. M. Campbell wa Uingereza aliandika kuhusu wafanyakazi wa shamba walioumwa hivyo kwa sababu ya majani yaliyoota ukungu, na baadaye ugonjwa ukaitwa pafu la mkulima. Majani yakirundikwa mabichi mabichi yanachemka yenyewe ndani, yanaweza kufika nyuzi 50 mpaka 60, na kuna bakteria wanaopenda joto hilo, wanazaliana humo mpaka basi. Chembe zao ni ndogo mno, hata maikromita 5 hazifiki (zenye maikromita 5 ukizipanga 200 ndo unapata milimita 1), kwa hiyo pua haizikamati, zinashuka moja kwa moja hadi kwenye vifuko vya hewa.

Sasa kwa nini zichelewe? Pumu ya aleji inaweza kukubana ndani ya dakika chache kwa sababu silaha zake ziko tayari kwenye seli. Huku kinga inatumia njia nyingine, mpaka seli nyeupe ziitwe zikusanyike pafuni, inachukua masaa 4 hadi 8. Na hao bakteria hawajakuambukiza, ni kinga yako yenyewe imepaniki, ndo maana antibayotiki hazisaidii kitu.

Wafuga njiwa na kasuku nao wamo, kwao shida ni kinyesi na vumbi la manyoya. Cha ajabu wavuta sigara wanaupata kidogo kuliko wengine (usianze kuvuta basi!), ila wakiupata huwa mbaya zaidi.

Kinachonitisha mimi ni ule wa polepole, unavuta kidogo kidogo kila siku, homa huioni, unakonda tu na ngazi zinakushinda, kumbe pafu linaota makovu, na kovu la pafu halifutiki. Dawa za steroidi zinapoza uvimbe ila kama bado unalala jirani na banda ni kazi bure. Kwa hiyo malaria ikipimwa haipo, mtajie daktari marobota yako, au njiwa.