Kwa nini macho huchelewa kuzoea giza? Majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Mimi ni mvuvi wa dagaa, Msangamkuu. Nikishaitazama taa ya kuvutia dagaa, nikigeuka kutafuta kamba nyuma ya boti sioni kitu. Macho yanaharibika?

Hapana kaka, maadamu baadaye unalizoea giza. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, wenye seli za kupokea mwanga za aina mbili. Vijiti, kama milioni 120 kwa kila jicho, ni vya mwanga hafifu. Koni, kama milioni 6, ni za mchana na rangi. Ndani ya vijiti kuna protini iitwayo rodopsini, ndiyo inayonasa mwanga. Taa kali huitumia kwa wingi, na kuirudisha yote huchukua dakika 20 hadi 30, pengine zaidi. Usiitazame taa moja kwa moja, na ukihitaji tochi tafuta yenye mwanga mwekundu hafifu, maana vijiti haviuhisi sana wekundu.

Mwanga ukishanaswa, nini kinatokea ndani ya seli?

Kinyume na unavyodhani. Gizani kijiti hakilali: milango midogo kwenye ngozi ya seli iko wazi, chembe za sodiamu na kalisi zinaingia, na seli inamwaga kemikali kwa jirani yake bila kukoma. Mwanga ukija, ndipo inaponyamaza. Ubongo unasoma ule ukimya.

Mpangilio wake ni huu. Rodopsini ikipigwa na mwanga hubadilika umbo na kuiamsha protini nyingine, transdusini. Rodopsini moja huamsha transdusini nyingi. Hizo nazo huamsha kimeng'enya kinachovunja kemikali iliyokuwa ikiishikilia ile milango wazi. Milango inafunga, umeme wa seli unabadilika. Kwa ukuzaji huo, kijiti kinaweza kuitikia hata chembe moja tu ya mwanga.

Na nani anazima ishara hiyo?

Swali hili watu wengi hawaulizi, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Ishara isipozimwa, picha ya kwanza itang'ang'ania na ya pili haitapata nafasi. Kimeng'enya kimoja huibandika rodopsini alama za fosfati, kisha protini iitwayo arestini huishikilia isiendelee kuamsha wenzake. Upande wa transdusini kuna protini iitwayo RGS9, inayoiharakisha kujizima. Ikiwepo, kazi huisha chini ya sekunde moja. Isipokuwepo, huburuta kwa sekunde kadhaa.

Usichanganye mambo mawili: kuzima ishara ni kwa haraka, kuirudisha rodopsini ndiko kunakochukua dakika zile za mvuvi. Na msikimbilie vidonge vya protini dukani. Protini hizi seli hujitengenezea zenyewe kwa maelekezo ya jeni.

Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu za kuzima ishara hiyo?

Wapo, ila ni nadra sana. Mwaka 2004 watafiti walieleza wagonjwa wenye hitilafu kwenye RGS9 au kwenye protini inayoishikilia mahali pake. Wakitoka kivulini kwenda juani hupofuka kwa muda, na mpira unaokwenda kasi huwapotea machoni. Kabla yake, mwaka 1907, daktari Mjapani Oguchi alieleza hali ya kutoona usiku ambayo leo tunajua hutokana na hitilafu ya arestini au ya kile kimeng'enya cha kubandika fosfati. Mtoto huzipata akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, kwa hiyo wazazi wakiwa ndugu wa damu uwezekano huongezeka.

Mjukuu wangu wa miaka mitatu, magharibi ikiingia anajikwaa kwenye vyombo uani. Ndiyo ugonjwa huo?

Bibi, kwa umri huo tunaanza kushuku upungufu wa vitamini A, kwani sehemu ya rodopsini inayonasa mwanga hutengenezwa kwa vitamini hiyo. Mpeleke kituo cha afya kesho, usisubiri. Ukiona mabaka meupe kama povu kwenye weupe wa jicho, au kama ametoka kuugua surua, ni dharura. Huko waonyeshe kadi yake ya kliniki: watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita.

Nyumbani, mpe maini, mayai, papai, embe bivu, viazi lishe, na kisamvu au matembele yaliyoungwa kwa tui, kwa sababu vitamini hii hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta.

Salfa ya mikorosho inaharibu retina?

Huunguza mbele ya jicho. Osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi. Usitie maziwa wala dawa ya jirani. Vaa miwani ya kukinga unapopuliza.

Nilimeza dawa ya nguvu za kiume nikaona vitu vina ubluu.

Sildenafili, mojawapo ya dawa hizo, hugusa pia kile kimeng'enya cha kwenye vijiti na koni kinachovunja kemikali ya kushikilia milango wazi, kwa kuwa kinafanana na kile inachokilenga. Kwa kawaida hali hiyo hupita baada ya saa kadhaa. Mwenye ugonjwa wa retina wa kurithi asiiguse bila kumuona daktari, na anayepoteza uwezo wa kuona ghafla, awe ameimeza au la, aende siku hiyohiyo hospitali ya Ligula akiwa Mtwara, au ya Sokoine akiwa Lindi.