Kufuli, Uzi na Ile 9.8 Ambayo Si ya Tabora

Juzi nilibeba nyumbani madaftari ya vitendo ya kidato cha tatu, wanafunzi 41, jaribio la pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi. Kati yao 33 walipata g, yaani mchapuko wa kitu kinachoangushwa na mvutano wa dunia, ya 9.8 kamili. Hakuna 9.6, hakuna 9.9. Nilicheka peke yangu. Uzi wetu ni wa cherehani, stendi mbili zinatikisika, saa ni simu yangu inayozunguka meza hadi meza, halafu watu 33 waangukie namba moja mpaka desimali? Hapo pamepikwa.

Kupika data kila aliyesoma fizikia anakujua. Unalijua jibu, unarudi nalo kinyumenyume, unajaza jedwali sekunde zinazokubaliana nalo, kisha unachafua desimali kidogo ili mwalimu asishtuke. Siwalaumu sana. Sisi wenyewe tumewafundisha kwamba 9.8 ina alama na namba nyingine haina.

Daftari lililonifurahisha ni la binti aliyepata 10.8 akaiacha kama ilivyo. Pembeni aliandika kwa penseli, "Mwalimu, nimerudia mara tatu." Aliyerudia mara tatu akapata kosa lilelile hajakosea ovyo, kuna kitu kimoja anachokifanya kila mara. Nikamwita anionyeshe. Akavuta kufuli (ndiyo, mwaka huu tunaning'iniza kufuli, vile vitufe vya madini vimepotea kimoja kimoja), akaliachia, akabonyeza saa na papo hapo akasema "moja". Basi. Ukisema "moja" wakati wa kuachia, ukifika 20 kufuli limekwenda na kurudi mara 19 tu. Muda unapungua kwa asilimia 5, na kwa kuwa g hupatikana kwa kugawanya kwa mraba wa muda, jibu linapanda kutoka 9.8 hadi 10.8 na ushei. Hesabu huanza na sifuri. Siku hizi daftari likija na 10.8 wala siulizi, naijua historia yake yote.

Wapo pia wanaovuta kufuli kama wanambembeza mtoto uwanjani. Ukilivuta hadi pembe ya nyuzi 30, kila mbembeo unarefuka kwa karibu asilimia 1.7 na g inashuka hadi 9.5 hivi. Nyuzi 10 zinatosha. Kosa lake kwenye muda halifiki hata robo ya asilimia moja.

Sasa hilo kufuli lenyewe. Kanuni (mraba wa pai mara 4, mara urefu, gawanya kwa mraba wa muda wa mbembeo mmoja) inataka urefu kutoka kwenye kizibo kinachobana uzi hadi kitovu cha uzito wa kinachoning'inia. Kitufe cha duara hakina shida, kitovu kiko katikati. Cha kufuli kiko wapi? Lina pingu juu, mwili wa shaba chini, tundu la ufunguo na springi ndani. Wanafunzi wengi walipima uzi peke yake, hadi kwenye fundo. Hizi ni namba za kundi moja ambalo halikupika. Mbembeo 20 zilichukua sekunde 26.8 kwa uzi wa sentimita 40, kisha 32.3 kwa 60, 36.9 kwa 80, 41.1 kwa 100, na 44.8 kwa 120.

Ukitia uzi wa 40 kwenye kanuni moja kwa moja unapata g ya 8.8. Ule wa 120 unakupa 9.4. Mpishi angeshtuka hapa akaanza kufuta. Lakini tazama, jibu halirukiruki, linapanda jinsi uzi unavyorefuka. Kosa ni lilelile kwa kila uzi, sentimita kadhaa tulizozisahau, na kwa uzi mrefu sentimita hizo si kitu.

Ndiyo maana nawasumbua na grafu. Weka urefu wa uzi kwenye mhimili wa mlalo, mraba wa muda wa mbembeo mmoja kwenye wima, kisha piga mstari. Usiulazimishe upite kwenye sifuri! Hilo ndilo kosa linaloniuma kuliko yote, mtoto kapima vizuri halafu anaukunja mstari wake ili umpendeze mwalimu. Uache upite unapotaka. Mstari wa kundi hili ulikata mhimili wa urefu karibu sentimita 4 na nusu kushoto ya sifuri. Tukalisawazisha kufuli juu ya ukingo wa rula, na kitovu chake kilikuwa hapohapo, sentimita 4 na nusu chini ya fundo. Darasa lilipiga kelele kama timu imefunga bao. Na mteremko wa mstari hauzijali hizo sentimita kabisa. Ukigawanya 39.5, yaani mraba wa pai mara 4, kwa mteremko huo (urefu ukiwa katika mita), unapata g ya 9.80.

Nikawaambia wasishangilie mapema. Nukta ya mwisho ingesoma 44.9 badala ya 44.8, na tukatumia nukta ya kwanza na ya mwisho, g ingekuwa 9.73. Sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, na kidole cha binadamu kinachelewa zaidi ya hapo. Simu inaonyesha sehemu za mia za sekunde, lakini kidole hakijui habari hizo.

Isitoshe, 9.8 tunayoikimbilia ni namba ya kukadiria. Paris ni 9.81, kwenye ncha za dunia 9.83. Tabora tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta na mita kama 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo yetu ni 9.78. Dunia imevimba kiunoni na inazunguka, na vyote viwili vinatupunguzia uzito kidogo.

Aliyeliona hilo kwanza alitumia pendulamu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, umbali uleule kutoka ikweta kama sisi, ila upande wa pili. Saa ya pendulamu iliyokwenda sawa Paris ilichelewa huko zaidi ya dakika 2 kwa siku. Ikabidi aifupishe pendulamu kwa karibu milimita 3. Wapo waliodai ni joto tu limerefusha chuma. Newton aliichukua namba hiyo, na mwaka 1687 akaitumia kueleza kwamba dunia si duara kamili. Richer angepika data yake ifanane na ya Paris, nani angemjua leo?

Baada ya simulizi hiyo wakataka tuitafute 9.78 yetu. Kwa uzi wa mita moja haiwezekani, kidole kinaifunika. Tukatoka nje, Tabora hatuna njaa ya miembe. Tukaning'iniza kufuli lilelile, kitovu chake sasa tunakijua, kwa kamba ya mita 4 isiyovutika, tukahesabu mbembeo 50 asubuhi kabla upepo haujaamka. Zinachukua kama sekunde 201, kwa hiyo kidole kikichelewa sehemu 2 za kumi, g inayumba kwa 0.02 tu. Makundi matatu yakapata 9.75, 9.77 na 9.80.

Nilikuwa naanza kujisifu, yule binti wa 10.8 akanyoosha mkono. "Mwalimu, tawi nalo linacheza." Tukatazama juu. Kweli, linacheza kidogo, linafuata kufuli. Tawi likifuata, mbembeo unarefuka na g inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo tutarudia. Wanasema nondo ya mnara wa tangi la maji haichezi, nami nimeshaomba ngazi.