Karatasi ya rufaa haimfikishi mgonjwa kwa daktari

Katika kazi yangu ya kuwaunganisha watu wanaotumia dawa za kulevya na huduma za afya nimejifunza kuitilia shaka karatasi ya rufaa. Huandikwa vizuri, hupigwa mhuri, huingia kwenye ripoti ya mwezi kama mteja mmoja aliyeunganishwa, kisha hukunjwa mara nne na kuishia mfukoni. Siku hizi sihesabu rufaa. Nahesabu hudhurio la pili.

Kati ya maskani, yaani kijiwe cha watumiaji, na dirisha la mapokezi kuna mengi ya kumrudisha mtu nyuma, na lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea. Aliyezoea heroini huanza kuisikia ndani ya saa 8 hadi 24 tangu alipotumia mara ya mwisho: miayo, makamasi, tumbo kukata, jasho na baridi kwa pamoja. Ukimtaka mtu huyo akae kwenye foleni asubuhi nzima, foleni itamshinda. Ndiyo maana wengine huondoka wodini wakiwa na maambukizi ya vali za moyo, ugonjwa ambao kwa kawaida hudai wiki 4 hadi 6 za antibiotiki, na faili huandikwa “ametoroka” bila kutaja kwamba hakuna aliyeitibu arosto yake. Dawa zake zipo: methadoni na buprenofini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005.

Niliwahi kumsindikiza kijana mwenye jipu kwenye kiwiko. Muuguzi alinitazama mimi, akauliza, “Huyu naye anaumwa nini?” Nikamjibu, “Muulize mwenyewe, sista, yupo hapa.” Ilipofika zamu ya kutoa damu, alihangaika na mkono mmoja mpaka kijana akasema kwa upole, “Huo umekufa, sista, jaribu huu wa nyuma ya kiganja.” Damu ikapatikana mara moja, na kuanzia hapo wakazungumza wao wawili, mimi nikawa sina kazi. Msindikizaji bora, lakini, si mtaalamu kama mimi bali ni mwelimishaji rika aliyewahi kutumia mwenyewe, kwa kuwa anajua ni saa ngapi mtu anaweza kutoka maskani akiwa bado ana nguvu za kusubiri.

Huduma zenyewe nazo zinapaswa kuzungumza. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja methadoni, hivyo mgonjwa aliyekuwa ametulia hujikuta katika arosto siku chache baada ya kuanza matibabu ya kifua. Asipoelezwa mapema, na dozi ya methadoni isipofuatiliwa na kuongezwa kadiri inavyohitajika, ataacha mojawapo, na aghalabu ataacha ile ya kifua kikuu. Kosa hilo ni la kliniki mbili zisizopigiana simu, ingawa lawama humwangukia mgonjwa. Kwa homa ya ini aina ya C, ambayo vidonge vya wiki 8 au 12 huponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaovimaliza, bado wapo wanaoambiwa waache dawa za kulevya kwanza, sharti lisilo na msingi wa kitabibu.

Wanaonitia hofu zaidi ni wanaotoka gerezani. Mwili umepoteza uzoefu, dozi ya zamani sasa inaweza kuua, na wiki mbili za kwanza ndizo za hatari kubwa. Mtu huyo tunajitahidi kumpokea getini, methadoni yake ikiwa imekwishapangwa kwa siku ileile au kesho yake, na nalokisoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, tunamkabidhi ndugu au rafiki anayeishi naye, kwa sababu aliyezidiwa hawezi kujizindua mwenyewe. Ndugu au rafiki huyo tunamweleza pia kwamba nalokisoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 tu, kwa hiyo asimwache mgonjwa peke yake hata akifumbua macho na kusema yuko sawa.