Betri ya kuinoni: uliza inapoteza kiasi gani kwa siku

Wekundu wa hina kiganjani mwa bibi harusi unatokana na lausoni, molekuli ya jamii ya kuinoni. Jamii hiyohiyo inajaribiwa kuchukua nafasi ya metali ya vanadi katika betri za mtiririko, zile zinazotunza umeme kwenye vimiminika ndani ya matangi mawili. Pampu huvipitisha kwenye seli yenye elektrodi za kaboni na utando katikati. Ukitaka umeme wa saa nyingi zaidi, unaongeza ukubwa wa matangi. Seli inabaki ileile.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa Chuo Kikuu cha Harvard, 2015: dihaidroksi-antrakuinoni upande hasi, ferosianidi (chumvi yenye chuma na sianidi) upande chanya, volti 1.2. Lita moja ya upande hasi yenye nusu moli (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli) huhitaji gramu 120 za kuinoni na gramu 112 za potasiamu haidroksaidi. Nusu ya alkali hiyo humezwa na kuinoni yenyewe. Tia alkali kwenye maji kidogokidogo, maana hupata moto, kisha ndipo ufuate unga wa kuinoni. Ukianza na unga kwenye maji matupu, utatuama chini. Lita hiyo hubeba ampea-saa 26.8. Ferosianidi hutoa elektroni moja tu kwa molekuli, wakati kuinoni hupokea mbili, kwa hiyo ikiwa na moli 0.4 kwa lita, utahitaji lita 2.5 upande wa pili. Asidi isikaribie tangi hilo: ikiwa kali na ya moto, hutoa gesi ya sumu ya haidrojeni sianidi.

Sasa udhaifu wake. Matangazo hupenda kusema "asilimia 99.9 ya uwezo hubaki kila mzunguko", yaani kila betri inapochajiwa na kutumika mara moja. Kama mzunguko ni nusu saa, kuna mizunguko 48 kwa siku, na hapo karibu asilimia 5 imepotea kila siku. Kuinoni huharibika kwa muda inaokaa na chaji, si kwa idadi ya mizunguko. Hata asilimia 0.1 kwa siku hula karibu asilimia 31 kwa mwaka. Kipimo cha kweli ni rahisi: chaji, acha saa 24, tumia chaji yote, linganisha.

Kinachotokea ni kwamba molekuli mbili zenye chaji hukutana. Moja hurudi kuwa kuinoni, nyingine hupoteza oksijeni na kuwa antroni (jamaa wa uchungu wa shubiri, kwa kweli). Antroni zikiungana mbilimbili huwa dimeri, na uwezo hupungua. Kwa hiyo usijaze chaji ya upande hasi hadi mwisho. Chaji ikishaisha, pitisha hewa kwenye kimiminika: oksijeni huirudisha antroni kuwa kuinoni. Ukifanya hivyo betri ikiwa imejaa, oksijeni itakula chaji ya upande hasi na chaji za matangi mawili hazitalingana tena. Ndiyo maana siku zote nyingine tangi la upande hasi hufunikwa kwa naitrojeni. Dimeri hazisikii hewa. Mwaka 2022 ilionyeshwa kuwa mpigo wa volti ndani ya seli yenyewe unaweza kuzirudisha.