Ryan Giggs hakuikataa England

Kwa miaka mingi mashabiki wamesimulia kwamba Ryan Giggs, aliyekuwa winga wa kushoto wa Manchester United, angeweza kuichezea England lakini akachagua Wales. Wengine humlaumu, wengine humsifu kwa uzalendo. Ukweli ni kwamba hakuwa na la kuchagua.

Chanzo cha uvumi kinaeleweka. Mwaka 1989 kijana huyo, wakati huo akiitwa Ryan Wilson, alikuwa nahodha wa timu ya wanafunzi ya England. Lakini timu ile iliangalia shule ya mchezaji ilipo, basi, na yeye alikuwa akisoma upande wa Manchester. Timu ya wakubwa iliangalia mahali pa kuzaliwa na asili ya wazazi, mababu na mabibi. Giggs alizaliwa Cardiff, na katika ukoo wake hakukuwa na mzazi, babu wala bibi wa kumpa haki ya kuivaa jezi ya England. Kanuni iliyomruhusu mchezaji kuichezea nchi aliyosoma kwa miaka 5 ilikuja baadaye, 2009, naye alikuwa amestaafu soka la kimataifa tangu 2007.

Aliichezea Wales mara 64, akianza Oktoba 1991 dhidi ya Ujerumani akiwa na miaka 17. Kombe la Dunia hakulicheza kamwe. Novemba 1993 Wales walikaribia mno kufuzu, lakini penalti ya Paul Bodin dhidi ya Romania iligonga mwamba. Huo ndio uchungu halisi wa safari yake, na unastahili kukumbukwa kuliko usaliti ambao haukuwahi kutokea.