Chaplin wa wino: katuni zilizomfundisha Felix kutembea

Wengi wanamjua Felix, paka mweusi wa katuni za filamu bubu. Wachache wanajua kwamba mwendo wake ulitoka kwa Charlie Chaplin, mchekeshaji wa filamu bubu, tena si kwa kuigiza juu juu. Kabla Felix hajaonekana mwaka 1919, studio ya Pat Sullivan jijini New York ilikuwa ikitoa katuni za Charlie, yaani Chaplin aliyechorwa, na mchoraji wake mkuu alikuwa Otto Messmer. Chaplin mwenyewe alituma picha zake akiwa katika mikao mbalimbali, na Messmer akazichambua moja baada ya nyingine.

Picha hizo zilikuwa na thamani kubwa, lakini hazikumaliza kazi. Chukua Charlie anapokata kona: mguu mmoja unarukaruka chini, wa pili umenyooka pembeni, mkono umeshika kofia, fimbo inapinda. Picha inakupa kilele cha tendo hilo. Michoro ya katikati lazima uitoe kichwani mwako, na hapo ndipo uzito unapotakiwa kuonekana. Ukigawanya safari kwa vipande vinavyolingana, Charlie anateleza kama kipande cha karatasi. Michoro ibanane pale anapojizuia, kisha iachane anapochomoka.

Umbo lake lilimsaidia mchoraji. Kofia, masharubu, koti na viatu vyote ni vyeusi, na filamu ya enzi hizo ilipenda weusi mzito juu ya karatasi nyeupe. Eneo lililojazwa wino husomeka hata kwenye nakala mbovu. Felix naye alifanywa mweusi kwa sababu hiyohiyo: Messmer alieleza kuwa kujaza weusi kulimpunguzia mistari ya kuchora, na umbo jeusi husogea vizuri zaidi machoni.

Hesabu ya michoro ni hii. Futi moja ya filamu ya milimita 35 ina fremu 16, yaani picha moja moja. Katuni ya futi 500 ina fremu 8,000. Ikionyeshwa kwa fremu 16 kwa sekunde inachukua dakika 8 na ushee. Kila mkao ukipigwa picha kwa fremu mbili, bado unahitaji mikao 4,000. Ndiyo maana hatua za kutembea zilichorwa mara moja na kurudiwa.

Seluloidi, karatasi angavu ya plastiki ya kuchorea, ilikuwepo, lakini mbinu ya kuitumia ilikuwa na hataza (haki za uvumbuzi) za John Bray na Earl Hurd, na studio zilitakiwa kulipia leseni. Njia nyingine ilikuwa ya Raoul Barré: unachana karatasi ya juu na kuacha sehemu iliyotulia, kisha sehemu inayosogea unaichora kwenye karatasi ya chini. Kingo za mchano zisipokaa sawa, kivuli chembamba kinajitokeza kama ufa kwenye mwili wa Charlie. Karatasi zilitobolewa na kuvishwa kwenye vijiti vya meza ili zisihame. Tundu likilegea, Charlie anatetemeka hata akiwa amesimama. Kioo cha kugandamiza karatasi chini ya kamera nacho kisipokaza, karatasi inajikunja na mwanga unabadilika kila fremu.

Mwaka 1923, katika Felix in Hollywood, Felix anageuza mkia wake kuwa fimbo na kuigiza mwendo wa Chaplin, na Chaplin wa katuni anamlaumu kwa kumwibia sanaa yake. Kwangu mimi hiyo ni hati ya deni, na Messmer ameisaini hadharani.

Ukizitazama katuni hizi mtandaoni, kagua kasi kwanza. Nakala ya fremu 16 ikikimbizwa kwa fremu 24 inakuwa na kasi mara moja na nusu, na ule utulivu kabla ya kuruka, ambao ndio kiini cha Chaplin, unapotea kabisa. Kagua pia upande wa kushoto wa picha: nakala zilizotengenezwa baadaye zilikatwa hapo ili kupisha mstari wa sauti ulio pembeni mwa filamu, na Charlie akisimama upande huo, fimbo yake huishia nje ya fremu.